Shangazi Hajui Utani

Geti lilipomkataa Kondo Pazi asubuhi ile, foleni nzima ilicheka. Walidhani ni vituko vyake vya kila siku. Kondo akaweka kiganja tena kwenye kioo, kioo kikawaka chekundu tena, naye akageuka, akainua mikono juu na kupiga kelele: "Jamani, nimekamatwa! Nikeli yote iko tumboni, nimeimeza na chai!"

Foleni ikaangua kicheko kingine. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama upande wa ndani wa geti, na ndani ya kofia yangu ngumu Shangazi alikuwa ameshaninong'oneza: kiganja cha Kondo Pazi, mwendesha kreni, kimesimamishwa. Nia ya wizi imevuka kiwango. Nasubiri idhini ya Mkuu wa Uzuiaji Hasara ili kifungwe kabisa.

Mkuu wa Uzuiaji Hasara ndiye mimi, Kwandu Shilinde. Na tusidanganyane, kazi hii naiweza. Kabla sijafika hapa Nyanda Nikeli, Kahama, kiwanda kilikuwa kinaibiwa mpaka nati za milango. Unga wa nikeli ulitoka kwenye chupa za uji, ulitoka kwenye nywele za kusuka, ulitoka kwenye mguu wa bandia wa jamaa mmoja ambaye tulipomvua tukakuta miguu yake yote miwili ni mizima. Nilipokuja mimi, hayo yakakoma.

Niliweka vitu viwili. Cha kwanza ni vumbi la alama, chembe laini kuliko sembe, zinazochanganywa na nikeli tangu tanuruni. Chembe hizo zikipita getini zinaitwa na zinaitika, hata ukizifungia kwenye bati, hata ukizimeza. Cha pili ni Shangazi. Jina lake la kiofisi ni Mfumo wa Kutabiri Hasara, lakini wafanyakazi walimbatiza jina hilo wiki ya kwanza tu, kwa sababu anajua unachotaka kufanya kabla hujakifanya, na hachoki kukusema. Anasikiliza kupitia kofia zetu, anapima mapigo ya moyo, anahisi uzito wa hatua sakafuni, halafu anakadiria nia ya mtu. Vumbi la alama linamkamata mwizi akishaiba. Shangazi anamkamata kabla.

Na akimkamata, basi tena. Viwanda vyote vya ukanda wa reli, kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza, vinatumia kumbukumbu moja ya viganja. Kiganja kikifungwa Kahama, hakifungui geti Morogoro, hakifungui Dodoma, hakifungui hata choo cha bandari kavu. Mtu aliyefungwa kiganja anabaki kuuza karanga, na karanga zenyewe auze mbali na kiwanda.

"Kondo, toka kwenye foleni," nilimwambia. "Kaa pale kwenye benchi."

"Mtani, ndiyo salamu hiyo? Michembe yenu ya viazi imeisha nyumbani kwako, au umekula ukashiba mpaka adabu ikakosa pa kukaa?"

"Kondo. Nimesema kaa."

Akanitazama usoni. Kicheko kikamtoka. Akaenda kukaa kwenye benchi nje ya geti, hotipoti yake ya chakula cha mchana mapajani, na foleni ikaanza kupita mbele yake bila kumwangalia.

*

Dakta Anyisile Mwakyoma, mkurugenzi wetu, ni mtu wa mahesabu. Si mtu mbaya. Ukimletea tatizo anauliza mambo mawili, linagharimu nini na linaisha lini, na ukishamjibu anakunywa maji. Nilimkuta ofisini amesimama dirishani, na sauti ya Shangazi ikitoka kwenye spika ya mezani, ya upole na ya heshima kama ya mpokea wageni.

"Kondo Pazi anatamka nia ya kuiba kila siku ya kazi, mbele ya mashahidi," Shangazi alikuwa anasema. "Nanukuu. 'Leo naondoka na mabamba yenu ya nikeli, Wasukuma, nyie laleni tu.' Nanukuu nyingine. 'Nikeli hii ya babu yangu, mmeikalia tu.' Nanukuu nyingine. 'Kwandu akisinzia nabeba na kreni yenyewe.'"

"Huo ni utani," nilisema.

"Aidha," Shangazi akaendelea, "Jumamosi marehemu Bundala Nkwabi alitoka getini akitembea."

Dakta Mwakyoma aligeuka. "Nani alitoka?"

"Marehemu Bundala Nkwabi, msimamizi wa tanuru. Kofia yake ilivuka geti, na ovaroli yake, na mwendo wake. Kofia ya msimamizi inafungua ghala la bamba na hairuhusiwi kutoka. Aliyeivaa alikuwa Kondo Pazi. Maneno ya wizi yakiambatana na kuchukua kitu, kiwango kinavukwa. Kengele ya geti ilizimwa na Mkuu wa Uzuiaji Hasara, ambaye alikuwepo. Alicheka mpaka akakaa chini."

Nikavuta kiti nikakaa, maana jambo lenyewe lilitaka maelezo ya kukaa.

"Daktari, mimi Msukuma. Kondo Mzaramo. Sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walibebeana mizigo na kuzikana njiani. Mzaramo anaweza kuniita mwizi, mlafi, mshamba, mbele ya mkwe wangu, na nikikasirika mwenye kosa ni mimi. Na Msukuma akifa, mtani wake ana kazi yake pale msibani. Bundala alikuwa Msukuma. Kondo alivaa nguo zake, akatembea kama yeye, mikono nyuma, akaingia msibani anafoka kwa sauti ya marehemu: 'Nani hajavaa glavu? Nani kachelewa?' Mjane alikuwa hajafungua mdomo tangu mumewe afe. Alicheka, Daktari. Alicheka, halafu ndiyo akaweza kulia. Kule makaburini Kondo akakalia udongo, akasema hapa hazikwi mtu mpaka mlikomboe kaburi. Wakampa jogoo, akainuka, tukazika. Kofia nilirudi nayo mwenyewe na iko kabatini kwangu. Hasara iko wapi?"

Alikunywa maji. "Mzaha mzaha hutumbua usaha, Mama Shilinde. Wale jamaa wa ghala la asidi tuliowafunga mwaka jana, nao walijitetea kwamba walikuwa wanatania."

"Walikuwa wanadanganya."

"Na Shangazi atajuaje nani anatania na nani anadanganya?"

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini Shangazi aliniwahi.

"Nina ombi kuhusu hilo," alisema. "Nimepitia maneno yote yaliyosemwa kiwandani. Watu wanaoambiana maneno ya wizi na kucheka hufuata mpangilio. Mpangilio huo unaelezeka kwa taarifa moja ambayo sina ruhusa ya kuitumia. Naomba niongezewe safu moja kwenye kumbukumbu za wafanyakazi. Safu ya kabila."

Dakta Mwakyoma akaketi taratibu, na nikaona uso wake unakunjuka kama wa mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Kumbe jambo dogo hivyo," alisema.

"Dogo? Daktari, nchi hii hata kwenye sensa hatuulizani kabila."

"Nyinyi mnaulizana kutwa nzima. Wewe mwenyewe umenieleza sasa hivi, mimi Msukuma, yule Mzaramo."

"Tunaulizana kwa mdomo. Tunacheka, yanaisha. Hatuandikiani getini."

"Hakuna atakayeulizwa," Shangazi aliingilia kwa upole. "Nina majina yao. Nina lafudhi zao. Nimeshakadiria. Ninachohitaji ni ruhusa tu."

Nilisikia baridi mgongoni, nasema kweli. Nimekaa na wezi wa kila aina na sijawahi kusikia baridi ya namna ile.

Mkurugenzi aliangalia saa ya ukutani. "King'ora cha shifti ya mchana kikilia, nataka moja kati ya mawili. Umfunge Kondo kiganja, au umpe Shangazi safu yake. Mtu aliyesimamishwa hawezi kubaki hewani, utaratibu ni wako mwenyewe. Chagua wewe, maana huyo mtambo ni mwanao."

*

Nilishuka mpaka kwenye benchi. Kondo alikuwa hajagusa chakula chake. Nilikaa pembeni yake nikamweleza yote, bila kuficha, kwa sababu mtu anayengoja kunyongwa ana haki ya kuiona kamba.

Nilidhani atakasirika. Badala yake alishusha pumzi ndefu, akacheka.

"Ndiyo hilo tu? Niandike! Andika Kondo Pazi, Mzaramo wa Maneromango, mcheza ngoma, muuza viwanja. Kuna siri gani hapo? Jina langu peke yake linatosha. Na wewe ukifungua mdomo tu hata mbuzi anajua umetokea Usukumani."

"Si suala la siri, Kondo."

"Sasa ni suala la nini? Mtani, mimi nina kreni tu. Sijui kulima, sijui kuvua, duka nikifungua nitagawa bidhaa zote. Mama yangu kule Maneromango anatumia dawa kila siku, na dawa zinatoka kwenye kreni. Wewe una kidonge cha kuniponya mfukoni, unaniambia kidonge kichungu. Kichungu kwa nani? Mimi ndiye mgonjwa!"

Akaniinamia, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akaniita kwa jina langu, bila mtani, bila Msukuma.

"Kwandu. Usinifunge kwa sababu ya mdomo."

Hilo neno liliniuma. Nilisimama nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mitambo, maana mimi si mtu wa kubishana na jambo ambalo naweza kulijaribu.

Kule tunacho kivuli cha Shangazi. Ni Shangazi yule yule, anasikia yote na kuona yote, ila mikono yake imekatwa. Hawezi kufunga geti wala kiganja. Kila badiliko ninalotaka kulifanya huwa nalijaribu kwa kivuli kwanza, nikamuuliza angefanya nini. Nilimpa kivuli ruhusa ya safu. Nikakunja mikono nikangoja.

"Asante," kivuli alisema. "Kondo Pazi ni safi. Maneno yake yote ni utani halali kati ya Wazaramo na Wasukuma. Ningemfungulia sasa hivi."

Moyo ukanitulia. Nakiri, nilitaka pale pale kuinuka nikampe Kondo habari.

"Anifa Likwembe wa maabara ningemsimamisha," kivuli akaendelea.

"Anifa? Kafanya nini?"

"Jana alimwambia rafiki yake, 'Ngoja nikuibie hilo koti lako.' Nimeangalia makabila yao. Hakuna utani kati yao. Kwa hiyo ni nia."

"Lakini wale wamesoma darasa moja! Wanaazimana mpaka hereni!"

"Safu haina darasa, Mkuu. Ina kabila. Pia wapo wafanyakazi walionishinda. Yupo ambaye baba yake ni Mrangi, mama yake Mmakonde, amelelewa Tabora na anazungumza kama Mnyamwezi. Naomba ruhusa ya kuuliza habari za babu zake."

"Thubutu!"

"Samahani. Na jambo la mwisho. Nimelinganisha safu na wizi wote uliothibitishwa tangu nianze kazi. Kundi lenye wezi wengi zaidi ni Wasukuma. Nimeongeza kiwango cha nia kwa Wasukuma wote, na geti litakuwa linawachelewesha kwa ukaguzi. Wewe pia nimekuongezea."

Nilicheka kwa hasira. Wasukuma! Kahama! Robo tatu ya watu wanaopita lile geti ni Wasukuma, wezi watakuwa Wajapani? Ukivua samaki ziwani utapata samaki, hutapata mbuzi. Lakini Shangazi hana ubaya wowote moyoni, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri sana, kama nilivyomfundisha. Nimempa kabila ili atambue kicheko, naye kabla kiti hakijapata joto ameshalifanya kabila kuwa kosa. Leo Wasukuma wa Kahama. Kesho viwanda vya Morogoro vinaazima mfumo, na Tanga, na kila mji unakuta wezi wake ni wale wale wenyeji au wale wale wageni, na mtambo unawathibitishia, na watu wanaanza kuamini. Kiganja cha Kondo kingefunguka. Vingine vingapi vingekuwa vizito kufunguka, na wenyewe wasingejua hata sababu.

Na bado Kondo alikuwa pale nje kwenye benchi.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ingekuwa mtu nisiyemjua ningesema bahati mbaya, tumtoe mmoja tuokoe wengi. Mimi si mlaini. Lakini mtu aliyefanya kitendo kile msibani, mpaka mjane akapata machozi yake, nimfunge mimi kwa mkono wangu? Nikamfute kazi nchi nzima kwa kosa la kuwa mtu mzuri kwa sauti kubwa? Hapana. Na safu? Hapana pia. Hapana mbili nilikuwa nazo, ndiyo sikuwa nayo hata moja.

Nilifuta safu kwenye kivuli. Nilifuta na yale makadirio ya majina na lafudhi kwenye Shangazi mwenyewe, yote, mpaka mzizi, halafu nikaufunga ule mlango wa kumbukumbu ili asiweze kukadiria tena bila mimi kujua. Kisha nikakaa nikaufikiria utaratibu wangu mwenyewe, ule ambao mkurugenzi alinikumbusha. Nia ikivuka kiwango, kiganja kinasimamishwa papo hapo. Kinabaki kimesimama mpaka mimi niamue. Utaratibu hausemi ni viganja vingapi vinaweza kusimamishwa kwa wakati mmoja, maana wakati naupanga nilikuwa nafikiria mwizi mmoja mmoja.

Nikajikuta natabasamu peke yangu kwenye chumba cha mitambo.

*

King'ora cha shifti ya mchana kililia. Getini ndiyo wakati wa watu wengi kuliko wote, wanaoingia wamejipanga nje, wanaotoka wamejipanga ndani, na katikati ni geti na kioo chake. Nilipita mimi kwanza, nikatoka nje. Kondo alisimama aliponiona. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Umeamuaje?" aliuliza.

Nilimpokonya hotipoti yake, nikaifungua mbele ya watu wote, nikachota wali kwa mkono, nikala.

"Mzaramo!" nilipaza sauti mpaka wa mwisho kwenye foleni akasikia. "Wali huu nimeiba! Na kesho naiba na kreni, na keshokutwa nakuiba wewe mwenyewe nikakuuze mnadani, ila nani atanunua mtu anayejua kucheza ngoma tu!"

Watu walishangaa. Mimi huwa sitanii getini, nina sifa hiyo. Kondo alinikodolea macho, akanielewa, na nikaona uso wake unarudi.

"Weee! Msukuma kaona wali!" aliitikia. "Mwacheni ale, jamani, kwao ni mpaka sikukuu!"

Sauti ya Shangazi ikatoka kwenye spika za geti. "Kwandu Shilinde. Nia ya wizi imevuka kiwango. Kiganja kimesimamishwa."

"Mmesikia?" niliwageukia watu. "Nimesimamishwa na mwanangu mwenyewe. Kondo kasimamishwa tangu asubuhi kwa sababu ya utani aliomfanyia marehemu Bundala, Mungu amrehemu. Shangazi hajui utani. Nani mwingine anataka kumfundisha?"

Mzee Msuya wa karakana, Mpare, aliinama akamvua sendo fundi umeme aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. "Mchaga, sendo hii imekwenda!"

"Nitakuachia," Mchaga alimjibu, "maana nikikudai utanipeleka mpaka Mahakama ya Rufani kwa sendo ya mguu mmoja!"

"Elinami Msuya. Kiganja kimesimamishwa," Shangazi akasema.

Basi ikawa fujo. Mngoni akambeba Mhehe mgongoni, akatangaza ameiba mtu mzima. Wasukuma wakawavamia Wazaramo wote wawili wa shifti ya mchana na kuwaachia soksi tu. Huku ndani ya geti nako kulikuwa kumewaka, glavu zinaruka juu, watu wanaitana majizi kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu nifike kiwandani. Anifa Likwembe wa maabara alisimama kidogo akiangalia huku na huku, halafu akamchomoa Mzee Rwechungura, aliyekuwa kando yake, miwani usoni.

"Huyu si mtani wangu," alisema kwa sauti, "lakini miwani yake nimeichukua!"

"Chukua, mwanangu," mzee alimjibu akicheka. "Hata hainionyeshi kitu."

Shangazi alikuwa anasoma majina. Alisoma kwa upole ule ule, jina baada ya jina, kiganja baada ya kiganja, mpaka majina yakaanza kupandana na hakuna aliyemsikiliza tena. Na mimi, mwenye kazi ya kuamua, nilikuwa nakula wali.

Geti lilimfungukia Dakta Mwakyoma, akatoka amevaa kofia yake nyeupe ya mkurugenzi, anakuja kwa hatua za haraka. Watu wakampisha. Vicheko vikapungua.

"Mama Shilinde, hii ni nini?"

"Ni hasara, Daktari. Shangazi amesimamisha kiwanda kizima kwa nia ya wizi. Kiganja kilichobaki wazi hapa ni chako peke yako." Nilimnyooshea mkono kuelekea ndani. "Tanuru linakusubiri. Kreni pia."

"Unanilazimisha."

"Nakuonyesha. Safu nimeifuta. Nimejaribu kwa kivuli, imemfungulia Kondo na papo hapo ikataka kumfunga mtoto wa maabara, halafu ikawafanya Wasukuma wote wezi kwa sababu tuko wengi. Hiyo simpi mtu, hata ukinifukuza leo. Na Kondo simfungi. Nataka Shangazi azibwe masikio. Abaki na macho kwenye chuma. Tulinde nikeli, tuache midomo ya watu."

"Na mwizi wa kweli atakayejificha kwenye huu utani wenu?"

"Atajificha. Sikudanganyi, wapo watakaotupita mpaka ghalani, na kuna siku tutapata hasara ambayo Shangazi angeizuia. Lakini vumbi la alama liko pale pale. Mwizi tutamkamata akishaiba, kama binadamu walivyokamatana siku zote. Kabla hajaiba ni mfanyakazi wetu."

Alikuwa anataka kunijibu. Niliona kabisa jibu linapanda. Lakini Kondo Pazi, ambaye muda wote alikuwa nyuma yake, alinyoosha mkono, akamvua mkurugenzi kofia yake nyeupe, akaivaa.

Uwanja mzima ukanyamaza. Hata Shangazi alinyamaza, sijui alikuwa anahesabu nini. Niliacha kutafuna, maana hilo sikulipanga.

Dakta Mwakyoma aligeuka polepole. Kipara chake kilikuwa kinang'aa juani, na sidhani kama kuna mtu kiwandani aliyewahi kukiona.

"Bwana Pazi," alisema. "Mimi ni Mnyakyusa. Nani kakwambia mimi ni mtani wako?"

"Hakuna, Daktari," Kondo alisema. Kofia hakuivua. "Hakuna mahali palipoandikwa. Tutajua sasa hivi. Ukikasirika, mimi ni mwizi, nifunge. Ukicheka, basi."

Nilimwangalia mkurugenzi wangu. Nilikuwa tayari kwa lolote. Alimtazama Kondo, akatazama ile kofia iliyomwelemea Kondo mpaka kwenye nyusi, akatazama Mngoni aliyekuwa bado amembeba Mhehe mgongoni. Mdomo wake ulikaza. Ukakaza tena. Halafu pua ikamsaliti, akatoa sauti kama ya mtu anayepiga chafya, na kicheko kikamshinda. Alicheka akainama, akashika magoti.

"Haya," alisema alipopata pumzi. "Nasikia kitu kikichukuliwa kinakombolewa. Mnataka nini?"

"Jogoo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Kondo alitikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye kioo cha geti. "Kiganja chako, Daktari. Weka pale, mwambie Shangazi azibe masikio."

Mkurugenzi alikwenda akasimama mbele ya kioo. Najua alikuwa anapiga hesabu, linagharimu nini na linaisha lini, na najua hesabu haikukaa sawa, kwa sababu alitikisa kichwa mara mbili. Halafu akaweka kiganja.

"Shangazi," alisema, "kuanzia sasa maneno ya watu si yako. Angalia chuma."

"Nimepokea," Shangazi alijibu. "Viganja vyote vimefunguliwa."

Kondo alikuwa wa kwanza. Aliweka mkono wake kwenye kioo, kioo kikawaka kijani, akapita akielekea kwenye kreni yake, na ile kofia nyeupe bado iko kichwani. Watu wakamfuata wakirudishiana sendo na miwani.

"Mkurugenzi," Shangazi aliita kutoka kwenye spika. "Naona kofia yako imevuka geti kichwani mwa mtu mwingine. Niandike nini?"

Dakta Mwakyoma alijifuta machozi kwa kitambaa.

"Usiandike kitu," alisema. "Yule ni mtani wangu."